Kiganja Juu ya Injini

Vestine aliweka kiganja juu ya injini ya lile trekta kuukuu la dizeli, alilolitaka kwa kukatia majani ya ng'ombe wake. Ilikuwa ya moto. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha kabla Vestine hajafika.

Kule Masisi, penye wafugaji wengi, anayeuza ng'ombe huacha kumkamua tangu siku moja kabla, ili kiwele kionekane kimejaa. Hila ilikuwa ileile: injini mbovu ikishapata moto huwaka kirahisi.

"Papa, tungoje ipoe," alimwambia muuzaji.

"Ipoe ya nini, Mama? Iko inawaka muzuri!"

Vestine aliketi kwenye nyasi, akafungua jibini, akamkatia na muuzaji kipande. Walikula hadi injini ikawa baridi kabisa.

"Sasa washa."

Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikatema moshi, kisha ikanguruma.

Aliyeshangaa zaidi ni muuzaji.

Vestine alikuwa ameshapanda kitini.