Fundo la Katani

Kaka Mustapha alikuwa juu ya paa letu la Ngombezi, ameshika bati la mwisho. Upepo ulikuwa unazidi, nikamwomba ashuke.

"Mwoga wewe, hata kuku unawakimbia," alicheka. "Haliruki hili. Nimelifunga kwa kamba niliyosokota mwenyewe. Katani yetu haikatiki."

Niliifuata kamba kwa macho. Ilitoka kwenye tundu la bati, ikamzunguka kiunoni mara mbili. Fundo lilikuwa dogo, gumu, limelowa jasho.

"Kaka, fungua hilo fundo."

Vumbi liliinuka ng'ambo ya mashamba ya mkonge, likaja upande wetu. Akalilaza bati haraka, akaukanyaga ukingo mmoja.

Ukingo wa pili ukaanza kuinuka taratibu.

"Nirushie kisu," alisema. Hakuwa akicheka tena.