Mafundo Matano

"Mama, shuka, treni inaondoka!" alifoka mwanawe, kofia ya pikipiki ingali kichwani. "Miaka themanini na moja, siku mbili njiani mpaka Hanoi, kisa mbwa wa balungi?"

Bi Nhàn alilipapasa balungi lililokuwa mapajani. Kila sikukuu ya mwezi mpevu wa mapukutiko, wajukuu wa kaskazini humngoja awaundie mbwa, vipande vya tunda vikiwa manyoya. Huku Saigon hakuna mapukutiko, ni joto tu mwaka mzima.

"Waonyeshe kwa simu."

"Simu inaliwa?"

"Daktari kakukataza kusafiri peke yako!"

"Nimesikia. Haya, nishushie mkoba wangu huo juu."

Mwana akashusha pumzi, akapanda kitanda cha behewani kuufikia. Ulikuwa umefungwa kwenye chuma kwa kamba ya katani, mafundo matano, kila moja limekazwa kwa meno. Alipofika la nne, kituo kilikuwa kinarudi nyuma dirishani.

"Mama! Umenifanya nini?"

"Sisafiri peke yangu." Alimtupia balungi, akanyoosha miguu. "Vua hiyo kofia, baba. Mwaka huu masikio utaweka wewe."