Aliyeachiwa Kwenye Barafu

Ngumi ya kwanza ilimpata Eric mlangoni, kabla hajamaliza kusema karibu. Ya pili ikampasua mdomo. Akaanguka kwenye ngazi, na Ciza akamfuata ndani, akausukuma mlango kwa kisigino.

Alikuwa ametoka mtaa wa Lozells mpaka Stechford, upande wa pili wa jiji, kwa basi, mchana kweupe, na njia nzima hakuketi.

"Inuka! Ni weye uliyemuacha mama yangu kwenye maji. Inuka!"

Eric hakuinuka. Hata uso hakuukinga, na hilo ndilo lililozidi kumpandisha Ciza hasira.

Mama yake, Goretti, alikuwa mtunzaji wa Pallavi, mwalimu mstaafu aliyetaka kuona barafu ya kaskazini kabla hajafa, na aliyekataa kusafiri na mtu mwingine. Wiki nzima Goretti alimtumia mwanawe picha kutoka kwenye ile meli ndogo: sili wamejilaza juu ya vipande vya barafu, ndege wamejaa majabalini, ukuta wa barafu wa buluu mrefu kuliko ghorofa. "Mwanangu, Mungu anajua kuumba," aliandika.

Kesho yake, Pallavi akiwa amebaki melini kwa sababu ya magoti yake mabovu, Eric, mwongozaji wa safari, aliwapeleka abiria wanane, Goretti akiwemo, kwenye ukuta huo kwa boti ya mpira. Ukamomonyoka. Wimbi likamzoa Goretti. Wenzake botini walikuwa wamelala kifudifudi, hawakuona kitu. Waliokuwa kwenye boti ya pili ndio walioona: Eric alimdaka mkono, boti ikalala ubavu, kisha akamwachia.

Ciza akampiga teke la mbavu. Kitu kikalia ko! "Ulimshika! Ulimshika, halafu ukamwachia. Kwa nini?"

"Boti ilikuwa inapinduka," Eric alisema, akitema damu. "Kulikuwa na watu saba ndani."

"Kwa hiyo ukachagua."

"Nilimwachia, ndugu yangu. Piga tu."

Ciza akapiga. Akamkaba koo kwa mikono miwili, akamgongesha kichwa kwenye ngazi, mara moja, mara mbili. Jelagat, mke wa Eric, akatoka jikoni mbio na kumrukia mgongoni, akimparura shingo.

"Utamuua! Muachilie!"

"Afe! Mama amekufa juu yake!"

"Mwambie, Eric!" Jelagat alilia. "Mwambie, ama nitamwonyesha mimi."

"Hapana," Eric alisema kwa sauti iliyokwama kooni. "Ataishi na hilo maisha yake yote."

Jelagat hakungoja. Akaukamata mkono wa kulia wa mumewe, akaipandisha sweta, akaing'oa bandeji. Eric akapiga ukelele, wa kwanza tangu kipigo kianze.

Juu kidogo ya kifundo cha mkono, nyama ilikuwa imetafunwa nusura ifike mfupani. Alama za meno zilionekana wazi, na katikati ya yale mawili ya mbele palikuwa na mwanya, ule mwanya ambao Ciza aliuona kila mama yake alipocheka.