Sauti Nene ya Gari la Pazi

Haya kanisimulia jirani yangu Bi Mwanahija, jana tukichambua mchele.

Pazi hushindana mbio kwa gari dogo. Mama yake halali mchana mpaka alisikie gari limerudi salama, na siku hizi masikio yamedhoofika.

“Niongeze kelele?” fundi aliuliza Pazi alipompelekea gari.

“Kelele zitaudhi mtaa bure. Mama ngoma bado anaisikia. Nipe sauti nene kama yake.”

Fundi akakata ekzosi, akachomelea bomba pana, akaligonga-gonga kama anayechagua nazi.

Kesho yake mama alijilaza, kiganja ukutani. Nje gari likanguruma taratibu, na ukuta ukatetemeka chini ya vidole vyake.

“Umechelewa, we mtoto,” akanong'ona.

Pazi alipoingia, viatu mkononi, alimkuta amelala, kiganja bado ukutani.