Chongo

Taa ya kushoto ilichomoza. Ya kulia ikatetemeka, ikasaga meno, ikabaki imelala ndani ya boneti.

Fundi alizima swichi, akachomoa waya wa betri, akainama tena juu ya gari.

Mtaa mzima ulilijua gari lile kwa jina la Chongo. Lilikuwa gari la spoti la zamani, limeinama karibu na lami, lenye taa zinazojificha mchana na kuibuka usiku. Yeye na mumewe walilikuta limetelekezwa nyuma ya gereji moja, panya wakizaliana kwenye siti, wakalifufua pamoja. Mume alikuwa mtu wa injini, mke mtu wa umeme. Mume alipachika injini kubwa kuliko tumbo la gari lenyewe, akashusha springi, akaweka matairi mapana. Mke alikuwa amebakiza taa ya kulia tu. Kisha mume akaondoka, na taa ikabaki hivyo hivyo.

Tangu hapo hadi asubuhi hii hakuwa ameingia kwenye banda la gari. Ovaroli ya mumewe ilikuwa bado kwenye msumari. Mama wa nyumba ya jirani alikuwa bado anamsemesha kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukaa sebuleni, wakaongea kwa upole, wakagawa: nyumba ibaki kwa mama na watoto, gari litoke. Hakubisha. Siku ile hakuwa na nguvu ya kubishia hata kikombe cha chai.

Sasa lilikuwa linatoka. Kesho yake lingebeba maharusi.

Dada yake alikuja asubuhi kuwachukua watoto, wasilione likiondoka. Alimkuta ana grisi hadi viwikoni.

"Mdogo wangu, unafanya nini?"

"Namalizia."

"Si litoke lilivyo? Anayelitaka akahangaike nalo mwenyewe."

"Kuna watu watakaa humu ndani, dada. Taa ikizima njiani, je?"

Binti mdogo alikuwa ameshapanda kwenye siti ya dereva, pua yake juu ya usukani.

"Linanukia baba," alisema.

Mama yake mkubwa alimtoa taratibu, akamshika mkono, wakaenda zao.

Alipobaki peke yake, fundi alifungua kifuniko cha mota inayonyanyua taa. Gia zake zilikuwa nzima. Akazifuata nyaya kwa vidole, kama anayetafuta mwanzo wa msuko, mpaka zilipopita karibu na bomba la moshi. Hapo ndipo alipoona. Ile injini kubwa ilikuwa imezisukuma pembeni, na joto likazipika. Zilikuwa zimeungua polepole, kwa muda mrefu, huku kwa juu kila kitu kikionekana safi.

Alikaa sakafuni, akalia. Hakutoa sauti. Alilia na koleo mkononi.

Kisha akainuka, akakata nyaya zote zilizoungua. Akapitisha mpya mbali na joto, juu ya gurudumu, akazivika mpira, akalehemu kila kiungo, akakwangua kutu pale waya unapofungwa kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa. Mumewe angezisokota tu, azizungushie tepu, halafu aseme, "Itashika hiyo, mke wangu, acha wasiwasi." Alijikuta anatabasamu, na tabasamu lile likamuuma kuliko machozi.

Alasiri, bwana harusi alipiga hodi mlangoni mwa banda. Alikuwa amevaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani, kichwa kimenyolewa vizuri, na bunda la utepe mweupe kwapani. Hakuingia mpaka alipokaribishwa.

"Nimeambiwa liko tayari," alisema.

"Liko tayari."

"Hata taa ya kulia?"

Fundi aliingiza mkono dirishani, akabonyeza swichi. Mota mbili zikalia kwa sauti moja, taa zikanyanyuka pamoja, zikammulika kifuani. Bwana harusi alirudi nyuma kidogo.

"Hukuwa na haja ya kuhangaika hivi."

"Lilikuwa limebaki hilo tu."

Akamwonyesha kishikio cha kuzungusha kilicho chini ya kofia ya mpira. "Ikigoma, toa fyuzi kwanza, halafu uinyanyue kwa mkono kutumia hiki. Usiilazimishe. Na bibi harusi mwambie asiliache kwenye mvua."

"Nitamwambia."

Alimpa ufunguo kwa kuuweka juu ya boneti. Bwana harusi akauchukua, akaingia ndani ya gari.

Injini iliunguruma mpaka mabati ya banda yakatetemeka. Gari likatoka taratibu. Fundi alibaki ameshika nguzo ya mlango, akitazama doa la oili sakafuni. Lilipofika getini, gari likasimama. Kioo kikashuka.

"Watoto wavae mapema kesho," alisema baba yao, macho yakiwa mbele. "Nitawapitia mwenyewe."