Droo ya Chini

Kitu cha kwanza alichokiona Bo-ram kilikuwa jasho. Droo ya chini kabisa ya kabati la chatu haikuwa na nyoka, wala haijawahi kuwa na nyoka, lakini asubuhi ile plastiki yake ilikuwa na matone kwa ndani, kama dirisha la jikoni mtu akipika.

Akavuta droo ya juu. Chatu mdogo wa kahawia alikuwa amejikunja pembeni, baridi kama bomba la nje. Wa pili, baridi. Wa tatu alifumbua kinywa polepole na kifua chake kikakwaruza. Nyoka akianza kukwaruza hivyo, mapafu yameshaingiliwa na ugonjwa.

Na bado kile kidude cha kudhibiti joto kilionyesha kuwa kila kitu ni sawa.

Kabati lile kaka yake, Gyu-sik, alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za kuokota. Utepe wa joto ulipita nyuma ya droo zote, na ncha ya kupimia ilikuwa kwenye droo ya chini, aliyoiacha tupu makusudi ili nyoka asije akailalia na kuidanganya. Ncha ikipoa, utepe unawaka. Ncha ikipata joto, utepe unazima. "Hata wewe huwezi kuliharibu," alimtania wakati anamfundisha.

Mwanzo wa baridi chatu mmoja alitoroka, akakutwa amelala juu ya sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mama alipiga kelele mpaka majirani wa chini wakagonga dari. "Ama mimi, ama hao!" Chakula kilikuwa tayari mezani. Gyu-sik hakuketi. Alichukua koti, akaondoka.

Tangu siku hiyo mama hakumtaja kwa jina. Wateja wake wa kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, wakimuuliza sokoni, alisema ana binti mmoja, basi.

Gyu-sik alipiga simu kuuliza habari za nyoka tu. Bo-ram alijua kwamba nyoka hao ndio kamba pekee iliyobaki. Wakifa, simu haitaita tena.

Jikoni mama alikuwa anakula wali wa jana uliomwagiwa maji ya moto, kama alivyofanya kila asubuhi siku hizi.

"Mama, uliingia chumbani kwa kaka?"

"Mimi? Niingie kwenye shimo la nyoka, nina kichaa?"

"Nimekuta glavu yako ya jikoni kule."

Mama aliinyakua ile glavu kutoka mkononi mwa Bo-ram. "Labda nyoka wako wameanza kuosha vyombo. Heri yao, kuna watu humu ndani hawaoshi."

Bo-ram hakucheka. "Wako baridi, mama. Mmoja anaumwa."

"Na mimi je? Wao wana joto lao, mama yako analala na soksi mbili! Siku za bibi yako sakafu ilikuwa sakafu. Moto wa kuni chini yake, unalala hapo mpaka mgongo unanyooka. Mtu akichelewa, bakuli lake linawekwa hapo chini ya blanketi, halipoi. Sasa tuna boila ya kupashia sakafu, kazi yake kukohoa. Kula, we mtoto, uache kunikodolea macho."

Bo-ram alikula huku akiwaza. Kama mtu angeweka kitu cha moto kwenye droo ya chini, ncha ingedanganyika. Utepe ungezima, na nyoka wangekufa mmoja mmoja, kimyakimya, bila mtu kuwagusa. Mtu anayewaogopa asingepata njia nyingine.

Jioni ile mashine za kufulia mashuka kazini kwake ziliharibika, wakarudishwa nyumbani mapema. Bo-ram alikimbia kutoka kituoni, baridi ya jiji la Chuncheon ikimkata masikio. Mama hakuwepo, alikuwa ameshuka kutupa takataka. Chumbani kwa Gyu-sik taa nyekundu ya utepe ilikuwa imezima, na kidude kilionyesha joto kubwa kuliko siku zote. Droo ya chini haikuwa imefungwa vizuri. Plastiki ilikuwa imejaa ukungu.

Alimpigia kaka yake simu.

"Umekula?" Gyu-sik aliuliza, kama anavyoanza kila mara.

"Mama anawaua nyoka wako."

Gyu-sik akasema kwa sauti kavu, "Nilijua. Nilijua atafika huko."

"Anaweka kitu cha moto kwenye droo ya chini, ili..."

"Usigombane naye. Nitamtuma mtu awachukue, halafu basi. Sitawasumbua tena."

"Kaka, subiri. Usikate. Nafungua sasa hivi, nikikwambia kilichomo utakuwa shahidi wangu."

Aliibana simu begani, akavuta droo. Mlikuwa na furushi, limeviringishwa kwa kipande cha blanketi kuukuu na kufungwa mafundo mawili. Lilikuwa la moto. Alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, kandambili za mama zikiburuzwa ukumbini, kisha zikasimama.

Bo-ram hakugeuka. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akainua mfuniko wa chuma. Mvuke ukampiga usoni.

Alikaa sakafuni, palepale penye baridi.

"Bo-ram? Kuna nini humo? Maji ya moto?"

"Wali," alisema. "Kwenye bakuli lako, ndani ya blanketi. Umejazwa mpaka juu."

Ndipo maneno aliyoyameza majira yote ya baridi, kila simu ilipoita, yakamtoka kwa sauti, mama yake akiwa amesimama mlangoni.

"Kaka, rudi nyumbani."