Mkono Mnyonge

Katika jimu ya wanawake iliyofunguliwa majuzi Jeddah, mwalimu wa mazoezi Kemunto alimwita Mkenya mwenzake, msichana wa kazi aliyemshikia madam wake mkoba. Akampandisha mikono ya gauni. Mkono wa kulia ulijaa, wa kushoto ulikuwa mwembamba kama ufito.

"Huu unapiga pasi, huu unatazama tu!" Kemunto alitania kwa Kiarabu. Darasa likaangua kicheko, madam naye. "Ndiyo maana mazoezi tunayaanza na mkono mnyonge," akaendelea.

"Ulivunjika, dada," msichana akanong'ona kwa Kiswahili. "Nilianguka nikifuta madirisha yao. Sikupelekwa hospitali."

Uso ulimshuka Kemunto. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya mfupa uliounga vibaya.

"Amesema nini?" madam aliuliza.

"Anashukuru," Kemunto alijibu.